Upepo ukishapita, gazeti lisiondoke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jinsi magazeti yetu yanavyoandika habari za maafa ya upepo na dhoruba, na hasa jinsi yanavyoacha kuziandika. Sina shaka na bidii ya waandishi wako. Siku ya kwanza hufika, picha hupigwa, idadi ya waliokufa hutajwa, mkuu wa wilaya hunukuliwa akitoa pole, na siku mbili tatu baadaye tunasoma kwamba unga na mablanketi yamepokelewa. Baada ya hapo ni kimya. Hatusikii tena ni nani alijengewa nyumba na nani alihama, wala wanafunzi walisoma chini ya mwembe kwa muda gani baada ya madarasa yao kuezuliwa, wala majina ya marehemu wenyewe, ambao wengi huishia kuwa tarakimu ndani ya kichwa cha habari. Mimi naamini, kwa heshima zote, kwamba habari yenyewe huanzia pale mnapoiacha. Nitatumia mfano wa mbali, kwa sababu umeandikwa kwa kina kuliko mifano yetu mingi, na kwa sababu miaka 100 imekwisha kupita na tunaweza kuona mambo yaliishia wapi.

Mfano huo ni wa miji midogo ya kusini mwa jimbo la Illinois, nchini Marekani. Mchana wa Jumatano, Machi 18, 1925, tornado, yaani kile kisulisuli kikubwa kinachoshuka kutoka katika wingu la radi na kuburura ardhini, ilianzia katika vilima vya Missouri, ikavuka mto Mississippi, ikaikata Illinois na kuishia Indiana baada ya muda wa saa tatu na nusu hivi. Njia yake ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 350. Walikufa watu 695, na hakuna tornado nyingine katika historia ya Marekani iliyoua watu wengi kiasi hicho. Katika kipande cha njia kati ya miji midogo ya Gorham na Parrish, huko Illinois, ndani ya dakika 40 tu, walikufa watu 541. Wengi hawakuitambua ilipokuwa ikija, kwa maana haikuwa na lile umbo la mkonga wa tembo ambalo watu wa huko walilizoea. Walioiona walisimulia habari za wingu jeusi zito lililobingirika juu ya nchi, na wengine walidhani ni ukungu. Nayo idara ya serikali ya hali ya hewa, kwa miaka hiyo, haikuwa ikiwatahadharisha wananchi kuhusu tornado, kwa hofu kwamba tahadhari ingeleta taharuki kubwa kuliko faida.

Sitakaa zaidi kwenye upepo wenyewe, kwa kuwa katika mji wa Murphysboro ulipita kwa dakika chache tu.

Murphysboro ulikuwa mji wa reli, na hesabu ya watu ya mwaka 1920 ilikuta humo wakazi zaidi ya 10,000. Wanaume wengi walifanya kazi katika karakana ya kampuni ya reli ya Mobile and Ohio, na mji wote, kuanzia duka la nyama hadi kodi ya pango, ulitegemea mishahara ya karakana hiyo. Upepo ulifika kama saa nane na nusu mchana, wakati mafundi wako kazini, watoto wako madarasani, na akina mama wako majumbani, majiko ya makaa yakiwaka kwa sababu mwezi Machi huko bado ni baridi. Waliokufa katika mji huo mmoja walikuwa 234. Idadi hiyo hutajwa katika kila maandishi yanayohusu siku ile, lakini haisemi kwamba baadhi ya watu hao hawakuuawa na upepo. Majiko yalipinduka ndani ya nyumba zilizoanguka, moto ukashika mbao, na wazima moto walipofungua mabomba hawakupata maji ya kutosha, kwa kuwa mfumo wa maji wa mji nao ulikuwa umevunjika. Watu waliofukiwa wakiwa hai, wengine wakisikika wakiita, waliunguzwa na moto huku ndugu zao wakiwa hatua chache tu kutoka walipo na hawana la kufanya. Waliokimbilia vyumba vya chini ya ardhi, ambako kwa desturi ndiko kwenye usalama tornado inapokuja, baadhi yao walifia humo humo jengo lilipowaangukia na moto ukaja juu yake.

Naomba wasomaji walitafakari jambo hili, maana ndiyo kiini cha barua yangu. Kiongozi anayesoma kwamba upepo umeua watu 234 atafikiria kuta na mapaa, naye atakuwa na haki. Kiongozi anayesoma habari ya usiku ule mzima atafikiria pia pampu ya maji, umeme unaoiendesha, tangi la akiba, na mahali pa kupata maji mengine yale ya kwanza yakikatika. Habari ya kwanza hupatikana siku ile ile kwa simu moja. Ya pili haiwezi kupatikana mpaka mwandishi arudi, akae na wazima moto, aulize bomba lilikatikia wapi na saa ngapi. Magazeti yanayoondoka mapema huwaachia viongozi nusu ya sababu za vifo, na nusu iliyobaki huendelea kukaa pale pale ikingoja dhoruba nyingine.

Mimi nilikuwa mwalimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo siwezi kuupita mji wa De Soto bila kusimama. Ni mji mdogo sana, kilomita chache kutoka Murphysboro, ambao siku hiyo ulikuwa na wakazi mia kadhaa tu. Walikufa watu 69, na kati yao 33 walikuwa ndani ya jengo la shule. Hakuna shule nyingine ya Marekani iliyopoteza wanafunzi wengi hivyo kwa tornado moja. Huko Murphysboro, shule tatu zilipoteza watoto wapatao 25. Majengo hayo yalikuwa ya matofali na mawe, marefu, yenye sura ya kuheshimika, ya aina ambayo kamati ya shule hujivunia siku ya ufunguzi. Lakini kuta zake zilikuwa na nondo kidogo au hazikuwa nazo kabisa, na uzito ule ule uliozifanya zionekane imara ndio uliowaangukia watoto. Katika mji wa ukubwa huo hakuna aliyeweza kusema msiba ni wa jirani. Fikiria mwalimu aliyenusurika, anayejua ni nani alikaa dawati lipi asubuhi ile, akiulizwa na mzazi mmoja baada ya mwingine. Hilo nalo ni sehemu ya habari, na haliishi kwa siku tatu.

Kutoka De Soto upepo uliendelea mashariki hadi West Frankfort, mji wa machimbo ya makaa ya mawe. Hapo palitokea jambo ambalo kila nilisomapo hunilazimu nifunge kitabu kwa muda. Mamia ya wanaume walikuwa chini ya ardhi, kina cha mita 150 hivi, na walichofahamu ni kwamba umeme umekatika. Bila umeme hakuna lifti ya kuwapandisha, ikabidi wapande kwa njia ya dharura, kidogo kidogo, gizani. Waliposhika uso wa dunia walikuta mitaa ya nyumba za wachimbaji haipo. Kazi iliyohesabiwa kuwa ya hatari kuliko zote katika mji ule ndiyo iliyowaokoa waliokuwa kazini, na waliokufa, karibu watu 150, walikuwa kwa sehemu kubwa wake na watoto. Sasa tujiulize mji huo ulihitaji nini mwezi mmoja baadaye. Ulikuwa na wajane wa kiume wenye watoto wachanga na majeruhi, ambao zamu yao ya mgodini ilikuwa inawangoja, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kubaki na mtoto. Hema na blanketi havilitatui tatizo hilo. Na hakuna mwandishi angeweza kulijua akiwa ameondoka siku ya tatu.

Misaada ilikuja, na ilikuja haraka, nami sitaki kuwanyima haki yao waliokuja. Reli ndiyo iliyokuwa njia kuu, na treni zilizobeba madaktari, wauguzi na dawa zilitoka St. Louis na hata Chicago, zikarudi na majeruhi waliopelekwa hospitali za Carbondale na miji mingine. Askari wa akiba wa jimbo walilinda vifusi na kusimamisha mahema. Watazamaji nao walifurika kuja kuona magofu, na wapiga picha walitengeneza kadi za posta zenye picha za mitaa iliyolala, ambazo baadhi yake zipo mpaka leo. Magazeti ya miji mikubwa yalizijaza kurasa za mbele, kisha habari nyingine zikachukua nafasi. Waliobaki ni Msalaba Mwekundu. Kwa miezi mingi wafanyakazi wake walishughulikia kaya moja moja, wakiandika kila familia ilikuwa na nini, imepoteza nini, inaweza kujisaidia kwa kiasi gani na inahitaji kuongezewa nini, ili mjane asipewe kitanda wakati anachohitaji ni kodi ya miezi sita, wala seremala asipewe nguo wakati anachohitaji ni zana zake. Ni kazi ya subira isiyo na picha ya kuvutia, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoamua nani atasimama tena na nani hatasimama.

Hesabu ya watu ya mwaka 1930 ilikuta Murphysboro ina wakazi zaidi kidogo ya 8,000. Zaidi ya mmoja kati ya watano hakuwapo tena. Siwezi kuusingizia upepo peke yake, maana biashara ya makaa ya mawe na ya reli katika eneo lile ilikuwa na matatizo yake tangu kabla ya siku hiyo. Lakini mtu aliyepoteza nyumba na karakana kwa mpigo mmoja, katika mji uliokuwa tayari unayumba, ana sababu chache za kubaki. Mji huo haukurudi tena katika idadi yake ya 1920 na leo una watu wapatao 7,000. Parrish, ambayo ilikuwa na maduka yake na kituo chake cha treni, haikuwahi kurudia hali yake. Mtu aliyesoma gazeti la Machi 1925 angejua kwamba miji hiyo imepigwa. Kwamba mmoja ungepungua na mwingine ungekaribia kufutika, hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa popote, kwa sababu lilitokea polepole.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito zaidi, linalohusu majina. Aprili 24, 1908, miaka 17 kabla ya mkasa wa Illinois, tornado nyingine iliyotoka Louisiana iliingia Mississippi na kuupiga mji mdogo wa Purvis, katika nchi ya misitu ya misonobari na viwanda vya mbao. Kati ya nyumba 150 za mji huo zilibaki zimesimama saba tu, na watu 55 walikufa mjini humo; katika njia yake yote tornado hiyo inahesabiwa kuwa iliua watu 143. Nasema inahesabiwa, kwa sababu magazeti ya kusini mwa Marekani ya enzi hiyo ya ubaguzi wa rangi yalikuwa na desturi ya kuwaorodhesha wazungu waliokufa kwa majina yao na kuwataja weusi kwa jumla, pengine kwa idadi ya kukisia, pengine bila hata hiyo. Wachunguzi wa historia ya tornado wameeleza kwamba kwa sababu hiyo idadi halisi ya waliokufa katika dhoruba za kusini za miaka hiyo huenda ilikuwa kubwa kuliko ile tuliyoirithi. Wafanyakazi waliokata miti na kugema utomvu katika misitu ile, wakiishi katika mabanda ya kampuni, walikuwa na majina, walikuwa na mama zao, na vibanda vyao ndivyo vilivyokuwa dhaifu kuliko vyote. Mhariri mmoja mmoja, akiwa mezani kwake, aliamua kwamba majina hayo hayahitaji nafasi, na uamuzi wake hauwezi kurekebishwa sasa kwa sababu waliojua wamekwisha kufa.

Hapa kwetu sidhani kama kuna mhariri anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Lakini matokeo hayajali nia. Tunapoandika kwamba mto umesomba watu kadhaa, kisha tukamtaja kwa jina mtumishi wa serikali aliyekuwa miongoni mwao na kuwaacha wavuvi, wapangaji na watoto wa mama lishe wabaki kuwa "wengine", tunafanya uchaguzi ule ule. Najua hoja zitakazotolewa: kwamba familia hazijaarifiwa, kwamba majina yanaweza kukosewa, kwamba nafasi ni ndogo. Hoja mbili za kwanza ni za kweli siku ya kwanza, na hazina nguvu wiki ya tatu, wakati maziko yamekwisha na mwenyekiti wa mtaa anayo orodha kamili. Familia iombwe ruhusa; isiyotaka iheshimiwe. Sizungumzii picha za maiti, ambazo nazichukia na ambazo nashukuru gazeti lako haliziweki. Nazungumzia orodha ya majina, umri na kijiji, kwa herufi ndogo ikibidi.

Faida ya kumbukumbu za namna hiyo si ya wafiwa peke yao. Watafiti wa hali ya hewa walipoichunguza upya njia ya tornado ya 1925, wakachapisha matokeo yao mwaka 2013, walirejea kwenye magazeti ya wakati ule na kwenye masimulizi ya wazee walioishuhudia, ili wajue ilipita wapi hasa na kama kweli ilikuwa moja au kadhaa zilizofuatana. Waligundua kwamba kwa umbali wa kilomita 280 hivi hakuna dalili ya kuridhisha ya pengo. Gazeti la mji mdogo lililoandika kwamba ghala la fulani liliondoka na nyumba ya jirani yake ikabaki, likataja na saa, halikujua kwamba linafanya kazi ya sayansi. Lakini liliandika, na karibu miaka tisini baadaye ilipatikana.

Nasi tunayo ya kwetu ambayo hatukuyafuatilia ipasavyo. Dhoruba iliyoipiga Unguja Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho, huku Pemba ikinusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu hadi leo. Matokeo ya siku moja ya upepo yamedumu miaka 150, na bado mtoto wa shule anaweza kumaliza kidato cha nne bila kuambiwa. Kimbunga kilichopiga Lindi Aprili 1952 wazee wachache wanakikumbuka, na kila mwaka wanapungua. Sijui ni mwandishi gani atakayekwenda kukaa nao, lakini naomba awe wa gazeti hili.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, linaweza kutekelezwa bila fedha nyingi. Kila mara gazeti linapochapisha habari ya dhoruba, mafuriko au upepo ulioezua nyumba, dawati la habari liandike katika shajara yake tarehe mbili za kurudi, moja baada ya mwezi mmoja na nyingine baada ya mwaka, na tarehe hizo zikifika mwandishi wa wilaya hiyo arudi mahali pale pale. Kwanza aulizie majina, yachapishwe. Kisha aulize maswali ambayo Murphysboro na West Frankfort zinatufundisha kuuliza, yaani ni kitu gani kilichoua baada ya upepo kupita, maji yalikuwepo au hayakuwepo, nani anawatunza watoto wa waliofariki, na nani amehama. Palipoezuliwa darasa, atazame lilivyojengwa upya: kenchi zimefungwa kwa nini, ukuta una linta au hauna, na fedha zilizoahidiwa mbele ya kamera zilifika au hazikufika. Wakandarasi na madiwani wakijua kwamba kuna mtu atakayerudi baada ya mwaka, nina hakika watafunga kenchi kwa uangalifu zaidi.

Itasemwa kwamba waandishi wa wilayani ni wachache na nauli ni kubwa. Katika kila kata kuna walimu wastaafu, makatibu wa misikiti na wazee wa makanisa ambao wamezoea kuandika majina kwa usahihi na kuyatunza. Wengi wangeifanya kazi ya kukusanya orodha hizo kwa kujitolea, kama gazeti lingewaomba na kuwaahidi kwamba watakachoandika kitachapishwa. Kwa kata yangu mimi najitolea, na nitaanza na madarasa yaliyoezuliwa mvua zilizopita, ambayo hadi ninapoandika barua hii bado hayajaezekwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Morogoro